Chupa ya Babu wa Mama

Fundi wa hapa Keko anapaka kitanda vanishi, harufu ikanipanda nikacheka peke yangu. "Bibi, umelewa?" fundi ananiuliza. Kalewe na mama yako! Ila inanuka kama gongo, na gongo mie naijua toka mdogo.

Mama yangu alikuwaga na pepo, babu mmoja mkali, na mama ndiye kiti chake. Mama mtu wa swala tano, lakini babu akimpanda kichwani lazima anyweshwe gongo. Mchana mmoja baba kampiga mama mpaka jino limetoka. Babu akaanza kumpanda, mganga akaitwa, akafukiza ubani, mama akatoa chupa yake akaigugumia nusu, akanguruma kidume: "Nani kampiga kiti changu?" Akanyanyua mchi. Pa! Mkono wa baba ukavunjika. Pa! Uso. Lile jibaba liko chini, pua inabubujika damu, linalia kisauti: "Shikamoo babu! Nisamehe babu!"

Babu akaondoka, mama akaanguka chali. Lakini akavuta kanga, akafunika magoti. Baba akashtuka. "Pepo gani huyu anaona haya?"

Akaitaka ile chupa. Pua imeziba damu, hanusi kitu, na kuonja kwake haramu. Akaniita mie. "Onja. Yakiwa maji, leo namchinja."

Nikaonja. Yalikuwa maji ya mtungini kwetu, ya baridi. Mama kalala, kope zinamcheza.

Nikakunja uso, nikakohoa mpaka machozi yakanitoka. "Baba, inachoma!"