Siku Zuhura Alipopotea Mwambani

Enzi zetu, mpunga ukishatoa masuke, nyumba ya kijijini Ngorongo ilifungwa kwa kamba tu, familia nzima ikahamia shambani kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo. Siku hizi vijana wanalala kwenye hema lenye zipu na godoro la kujaza upepo, wakirudi wanasema wameona pori. Sisi tulilala juu ya fito, chini kiboko anapita akikoroma, na ukibanwa haja unabana mpaka alfajiri.

Nyuma ya shamba palikuwa na mwamba wenye michoro myekundu, watu wembamba wasio na nyuso. Nani aliwachora, hata babu hakujua. Mama alikuwa akisema, "Kule kuna wenyewe. Hakuendwi bila unga, na jina la mtu halitajwi, watalishika." Nilikuwa mwoga kweli, lakini kiherehere nacho nilijaliwa.

Mchana mmoja wa kuamia ndege wasile mpunga, niliachiwa mdogo wangu Zuhura, wa miaka minne. Nikamwacha chini ya dungu na bonge lake la ugali, nikanyata kwenda kuchungulia michoro. Mara jiwe likaporomoka huko juu. Nilitoka mbio, kanga ikabaki kwenye miiba. Kufika dunguni, Zuhura hayupo.

Nyasi zilinipita kimo, na juzi yake simba alikuwa ameonekana ng'ambo ya mto. Nilitaka kumwita, nikakumbuka onyo la mama. Je, wale wa mwambani wakisikia, walishike jina? Nikazunguka kimya mpaka mama akaniona.

"Siwema, mwenzio yuko wapi?"

Nilionyesha mwambani tu, nikidhani wamemchukua. Baba, aliyekuwa akituchapa kwa kutaja jina kule, alitupa jembe akakimbia akiita, "Zuhura! Zuhura mwanangu!" Sauti ilimpasuka. Sikuwahi kumwona baba akiogopa.

Kumbe Zuhura alikuwa amenifuata. Tulimkuta ameketi, anawabandika ugali wale watu wekundu.

"Wana njaa," alisema.

Baba alimbeba, naye baba analia. Mama akamwaga unga wote pale kuomba radhi, na jioni hatukula.

Sasa Zuhura ana wajukuu, anakaa Kibiti. Asipopokea simu napiga mpaka chaji inaisha. Wanangu wananicheka: "Mama, presha ya nini? Mtu mzima yule." Enzi hizi jina la mtu unaliita kwa simu ukiwa umelala kitandani, wala hutetemeki. Nawaacha wacheke. Sijawaambia, wala Zuhura sijamwambia, kwamba siku ile mimi sikumwita.