Wanja Unaopotea Nikifumbua Macho

Mdogo wangu alipopata tarehe ya ndoa yake alinipigia simu nikiwa dukani, akaniambia mimi ndiye nitakayekuwa mpambe wake. Nilifurahi. Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu anayekumbusha jambo dogo, kwamba wote tutakaosimama naye tutapambwa macho na mpambaji mmoja, ili picha ziendane.

"Siyo poda na rangi ya mdomo tu, dada," alisema. "Macho."

Nikamjibu sawa, nikamtakia heri, tukaagana. Mteja aliyekuwa akisubiri kutoa kopi aliniuliza kama nimepata msiba.

Macho yangu yana ngozi nyingi juu. Inaanzia chini ya nyusi, inashuka, inajikunja na kuzilalia kope, kiasi kwamba nikifumbua macho, ile sehemu ambayo wanawake wengine huipaka rangi haionekani kabisa. Nikifumba ipo, tena pana. Nikifumbua imemezwa. Shuleni walimu walikuwa wakinigongea dawati wakidhani nasinzia. Mama alikuwa na macho makubwa ya wazi, na mdogo wangu akayachukua yote mawili. Mimi nilipewa ya baba.

Duka langu liko Pangani, hapa Kibaha. Natoa kopi, nachapa barua, napiga picha za pasipoti. Mtu anakaa mbele ya kitambaa cha bluu, nami namwambia ainue kidevu, asicheke, afumbue macho. Siku mimi mwenyewe nilipokwenda kupigwa picha ya kitambulisho, dada mwenye kamera aliniambia, "Fumbua macho."

"Nimefumbua," nikamjibu.

Akaitazama kamera, akanitazama mimi, akasema, "Haya."

Basi nikaanza kujifunza. Kila asubuhi kabla ya kwenda dukani nilikaa dirishani na kioo, nikaegesha simu kwenye kopo la sukari, nikafuata video za wasichana wanaofundisha mekapu. Walikuwa na nafasi ya kutosha juu ya macho, kama uwanja uliofagiliwa. Walipiga mstari wa wanja mara moja tu, wakaukunja mwishoni kama mkia wa njiwa, wakageuka kucheka. Mimi nilipiga mstari nikiwa nimefumba jicho moja, nikaupepea ukakauka, nikafumbua. Haukuwepo. Nikaongeza unene. Ukaingia tena ndani ya mkunjo. Nikaongeza mpaka ukajitokeza, na hapo nikawa kama mtu aliyepigwa ngumi. Na kwa joto la kwetu, muda si mrefu ngozi ilitoa jasho na wanja ukajichapa upya juu, chini ya nyusi, mstari wa pili ambao sikuuchora.

Mume wangu alipita nyuma yangu asubuhi moja akiwa na kikombe cha chai. "Umelia?" akaniuliza.

"Hapana."

Akasimama kidogo, akafikiri, akaona afadhali aende kazini.

Nilijaribu kope za bandia. Ngozi ilizilalia zikanichoma, na gundi ikanivimbisha jicho la kulia. Nikashinda dukani natoa machozi, na kila aliyeingia akanipa pole. Nilijaribu shedo ya kahawia, halafu nyeusi, halafu nikajaribu kuzivuta nyusi juu kwa kitambaa nilichokifunga kichwani chini ya mtandio, nikaumwa kichwa. Siku za harusi zilivyokaribia nilianza kushindwa kula vizuri. Nilikuwa naiona picha moja akilini, ile itakayotundikwa sebuleni kwa mdogo wangu, ambayo watoto wake watakua wakiitazama. Watu wote wametoa macho, na mama yao mkubwa amelala amesimama. Nilijua ni jambo la kipuuzi. Kulijua hakukunisaidia.

Wazazi wetu wametangulia mbele za haki, hivyo harusi ilifanyika kwa shangazi, dada mkubwa wa baba, kule Vihingo, Kisarawe. Shangazi analima mihogo na mananasi, na ndiye aliyetulea baada ya mama kufariki. Pale kijijini walikuwa na neno juu yake, kwamba uzeeni ameanza kuringa. Anatembea pua juu, walisema. Unampa salamu njiani anapita kama hajakuona. Nilipolisikia nilikasirika kidogo, kisha nikasahau.

Nilipofika nilimkuta mlangoni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Sogea hapa nikuone."

Akanishika mashavu kwa viganja vyote viwili, akarudisha kichwa nyuma, akanitazama muda mrefu. Nikadhani ni mapenzi.

Asubuhi ya ndoa uwanja ulijaa wanawake wanaomenya vitunguu na kuchambua mchele wa pilau. Mdogo wangu alikuwa chumba cha ndani ananukia singo aliyosuguliwa mwilini, mpambaji ameshamshika, na sisi wengine tulisubiri zamu. Mimi sikuweza kukaa na wenzangu. Nilichukua mkoba wangu wa mekapu nikajificha chumbani kwa shangazi, nikaanza kujaribu mwenyewe, nikiamini kwamba nikimpelekea mpambaji jicho lililokwisha tengenezwa hataona aibu yangu. Nilipaka, nikafuta, nikapaka, mpaka ngozi ikawasha. Shangazi akaingia kutafuta khanga.

"Unapaka wanja?"

"Najaribu, shangazi. Haukai."

"Utakaaje. Hayo ndiyo macho ya kwetu." Akakaa kitandani ubavuni mwangu. "Nipake na mimi. Siku hizi nikijipaka mwenyewe nafika mpaka puani."

Nikacheka, nikashika kalamu ya wanja, nikamgeukia. Akainua kidevu juu sana, kama mtu anayetazama dari.

"Shangazi, teremsha uso kidogo. Nitazame mimi."

"Nikiteremsha sikuoni."

"Hunioni kivipi?"

"Naona magoti yako."

Nikadhani ananitania. Lakini uso wake haukuwa na utani, na alikuwa amekunja paji la uso akijitahidi kuzivuta nyusi juu, mikunjo imejipanga mpaka kwenye nywele. Nikaiweka kalamu chini. Nikamteremsha kidevu taratibu kwa vidole mpaka uso ukawa sawa na wangu, nikanyoosha mkono wangu mbele yake.

"Naonyesha nini?"

"Sijui. Umeinua kitu?"

Nilipomtazama kwa karibu niliona nilichokuwa nakiona miaka yote bila kukitazama. Ngozi ilikuwa imeshuka mpaka imepita kope, imefunika zaidi ya nusu ya mboni, na kwa jicho la kushoto kilichobaki kilikuwa ufa. Nikaweka vidole gumba viwili chini ya nyusi zake nikaiinua ile ngozi. Macho yakatokea, meusi, mazima. Akanitazama sawasawa.

"Hee," alisema polepole. "Kumbe umekonda hivi."

Nikamuuliza ilianza lini. Akasema hajui, imekuja kidogo kidogo, na yeye alidhani ni uzee kama uzee mwingine. Kichwa humuuma kila jioni, akadhani ni presha. Akimimina chai hushika nyusi kwa mkono mmoja. Ile alama kwenye ugoko wake, ambayo alituambia aligongwa na gogo akiokota kuni, aliipata kwenye ngazi ya mlango wake mwenyewe. Na watu njiani alikuwa hawaoni. Alikuwa anaona miguu yao, akisubiri wafungue mdomo awajue kwa sauti.

"Usimwambie bibi harusi leo," akasema. "Leo ni siku yake."

Nikamwahidi. Kisha nikampaka wanja, jicho moja baada ya jingine, nikiishikilia ngozi kwa kidole. Nilipoiachia, wanja ukapotea kama unavyopotea kwangu. Hakuwa na habari. Aliuliza kama amependeza, nikamwambia amependeza.

Lakini ndani hofu yangu ilikuwa imebadilika. Nilimkumbuka baba alivyokuwa akisoma Qur'ani jioni, kidole cha shahada kimekaa juu ya jicho, kimeusukuma unyusi juu. Sisi watoto tulidhani ndivyo mtu anavyotafakari. Mimi na mdogo wangu tulikuwa tukimwiga na kucheka. Baba, kisha shangazi. Na anayefuata ni nani kama siyo mimi?

Waliniita zamu yangu. Mpambaji, dada mwenye mikono myepesi, aliniambia nifumbe macho. Akafanya kazi yake, brashi hii na ile. "Fumbua." Nikafumbua. Akausogeza uso karibu. "Fumba tena." Akaongeza. "Fumbua." Akaishusha brashi. Wakati mwingine wowote ningetamani ardhi ipasuke. Siku hiyo nilikuwa nasikiliza sauti ya shangazi uwanjani, nikihesabia kichwani masufuria na mafiga yaliyokuwa njiani kwake.

"Dada, macho yako yana ubishi," mpambaji akasema mwishowe. "Basi yaache hivyo."

Ndoa ilifungwa. Nilisimama kando ya mdogo wangu, na ilipofika saa ya picha nilijua bila kuuliza kwamba wanja ulikwisha jichapa juu. Jasho lilikuwa linanitiririka. Kila mpiga picha aliposema tutazame mbele, mimi nilitazama pembeni, kule alikokaa shangazi kwenye mkeka na pua yake juu. Aliponyanyuka kwenda kuwaaga wageni nikamwona anaelekea moja kwa moja kwenye sufuria la mchuzi lililokuwa limeteguliwa chini. Nikaiacha safu ya picha nikaenda kumshika mkono. Watu waliguna.

Niliporudi, mdogo wangu aliniinamia. "Dada, unalia?"

"Hapana. Ni wanja."

Akanitazama, akachukua ncha ya mtandio wangu mwenyewe, na kwa mikono yake ya hina akanifuta juu ya macho, hapo hapo mbele za watu, kamera ikiendelea. "Tutaongea kesho," akasema. Hakuwa mjinga. Alijua kuna jambo.

Kesho yake tuliongea. Yeye alilia, mimi nikashindwa kulia. Tukamwambia shangazi aje Kibaha kwangu aonwe na daktari wa macho, akakataa. Alisema macho ya ukoo hayaendi hospitali, baba yetu amekufa nayo na hakuna aliyemsikia akilalamika. Nikamwambia baba alikuwa na wanawe wa kumshika mkono, yeye analala peke yake katika nyumba yenye ngazi. Alininunia siku mbili. Halafu akafunga mzigo wake, akabeba na mananasi ya kumpelekea mume wangu.

Daktari, kijana mpole, alimpima kwa muda mrefu. Alimwinulia ngozi, akaishusha, akamwomba asome herufi. Akatueleza kwamba jicho lenyewe halina ugonjwa. Ngozi imelegea na msuli unaoiinua umechoka, na mambo hayo huonekana sana katika baadhi ya familia. Inawezekana kuikata kidogo na kuiinua. Shangazi aliposikia kukata alisimama.

"Kaa, shangazi," nikamwambia.

"Wewe kaa," akanijibu, lakini akakaa.

Siku ya upasuaji nilisubiri nje kwenye benchi na begi lake magotini. Ni mimi niliyemleta. Kila mlango ulipofunguka nilisimama. Nilifikiria kwamba alikuwa na ufa wa kuonea, mdogo lakini wake, na mimi nimekuja kuuchezea. Nilisoma dua zote ninazozijua, kisha nikazirudia. Alitoka na pamba juu ya macho, mdomo umekauka, akauliza kama nimekula.

Wiki zilizofuata alivimba, akawa na rangi ya zambarau usoni, na mimi sikuwa nalala vizuri. Kisha uvimbe ukashuka. Asubuhi moja nilimkuta jikoni kwangu amesimama, uso uko sawa, kidevu kimeteremka kama cha watu wengine, anaitazama dari.

"Jiko lako lina masizi," akasema. "Umekuwa ukipika humu siku zote hizi?"

Aliliosha kabla ya kurudi Vihingo. Mdogo wangu anasema huko sasa anawasalimia watu kutoka mbali, wengine wanashtuka.

Mimi daktari alinipima pia, siku ile ya kwanza, baada ya kumwomba kwa sauti ndogo shangazi asisikie. Akasema bado, kwa sasa naona vizuri, nirudi kila mwaka atazame. Nilimuuliza kama ni lazima yashuke. Akasema hawezi kuniahidi hivi wala vile.

Kwa hiyo asubuhi bado nakaa dirishani na kioo. Nimejifunza kupaka nikiwa nimefumbua macho, nikitazama mbele, nikiweka alama juu ya mkunjo badala ya ndani yake. Siku nyingine unakaa, siku nyingine haukai, na nikiwa na haraka naacha. Kabla ya kutoka naweka kioo chini, nateremsha kidevu, natazama ukuta ulio mbele yangu. Kuna kalenda pale, na juu yake msumari. Nikiuona msumari bila kuinua nyusi, nakwenda kufungua duka.