Siku Bunduki Zote Zilipofunguliwa

Wanafunzi wake walimwita Breki, na yeye alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa mwalimu wa udereva, mwanamke wa miaka arobaini na saba, mwenye gari dogo jeupe lililofungwa breki ya pili upande wa mwalimu. Mguu wake wa kulia uliizoea breki ile mpaka ikawa maradhi. Hata nyumbani, mumewe akibeba sinia la vikombe kwa mkono mmoja, Breki alikanyaga sakafu.

Mguu huohuo ndio uliovunjika. Mwanafunzi mmoja alichanganya pedali, gari likapanda ukingo wa barabara na kukumbatiana na nguzo ya taa. Daktari akaufunga mguu plasta na kumwambia akae nyumbani miezi mitatu. Sasa Breki na kukaa walikuwa hawajawahi kujuana. Siku ya nne alikuwa amekwisha kupanga upya makabati yote ya jikoni, huku akiruka kwa magongo. Mumewe, fundi saa asiyependa maneno mengi, akampigia simu dada yake.

"Dada, njoo umtafutie wifi yako kazi," alisema. "Leo ameanza kuzikagua saa za wateja wangu."

Wifi alikuwa mfamasia wa hospitali, mcheshi, hana mtoto wala haraka. Alikuja jioni hiyo na mfuko wenye mashine ya gemu na padi mbili za kuchezea. Gemu lenyewe lilikuwa la vita: timu mbili za watu wannewanne zinawindana ndani ya mji ulioharibika, kila mchezaji akiwa kwake, wanasikilizana kwa vipokea sauti vya masikioni.

"Mimi na bunduki wapi na wapi?" Breki akauliza.

"Shika kwanza. Utakataa baadaye."

Akashika. Akaona mikononi mwa askari wake kijibastola cha kutia huruma, na wenzake wakipita mbele yake na mabunduki marefu yanayong'aa.

"Mbona mimi mmenipa hiki cha mtoto?"

"Zile hazigawiwi, wifi. Zinafunguliwa. Ukicheza unapata alama, alama zikitosha unapanda daraja, na kila daraja lina silaha yake. Bunduki ya masafa iko daraja la arobaini huko."

Breki akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesemeshwa kwa lugha ya kwao. "Kumbe ni leseni," alisema. "Pikipiki kwanza, lori baadaye. Hapo tumeelewana."

Basi akacheza kama alivyofundisha. Wengine walikimbilia daraja la juu wakiruka kila kitu, yeye alikaa na kila silaha mpaka mkono uizoee. Darubini ya kulengea ilitaka upige shabaha hamsini bila darubini. Yeye alipiga mia. Alijua ni mlango upi wa duka la mikate unaotokea uchochoroni, na ngazi ipi huwezi kuipanda bila kusikika. Plasta ilipokatwa alikuwa daraja la thelathini na mbili, na magongo yakarudi hospitali yeye akiwa bado kochini.

Mwaka ulipopita alikuwa na timu kamili. Yeye na wifi yake, msusi mmoja aliyewahi kuwa mwanafunzi wake wa udereva, na shemeji yake, mdogo wa mumewe, mchinjaji mwenye bucha lake, ambaye kwenye gemu alijiita Msumeno. Walicheza kila Jumapili baada ya chakula cha mchana. Kati yao Msumeno ndiye aliyekuwa na roho ya kutaka. Alitaka bunduki moja tu, ile ya masafa yenye mtutu wa dhahabu, ambayo haifunguki mpaka ufike daraja la mwisho kabisa. Ilimchukua miezi minane. Siku aliyoipata alifunga bucha saa moja kabla ya wakati, jambo ambalo hata homa haikuwahi kumfanyisha.

Alhamisi moja, siku tatu kabla ya mashindano ambayo timu ilikuwa imejiandikisha kushiriki, tangazo likatokea kwenye skrini. Wenye gemu walikuwa wamebadili mpango: kuanzia siku hiyo silaha zote ziko wazi kwa kila mchezaji, aliyeanza jana na aliyeanza mwaka juzi. Msusi aliandika kwenye kundi lao la simu kwamba ameibiwa, ila hajui ameibiwa nini. Msumeno aliandika maneno mawili: "Mimi basi."

Jumamosi asubuhi Breki alimwelekeza mwanafunzi wake aegeshe mbele ya bucha. Mwanafunzi aliegesha mara tatu. Breki akaingia.

"Kilo mbili, shemeji. Isiwe ya mafuta."

Shemeji alikata bila kuinua macho. "Ukija kunibembeleza, nyama ninayo, moyo sina."

"Nani kaja kukubembeleza? Nimekuja kuuliza. Tangu Alhamisi umecheza?"

"Mara moja. Miezi minane, shemeji. Nikakutana na mtoto wa juzi, hata kutambaa hajui, ameshika bunduki ileile. Mtutu wa dhahabu."

"Akakupiga?"

Shoka likasimama juu ya gogo. "Hapana."

"Wewe?"

"Mimi nilimpiga. Alikuwa amesimama katikati ya barabara."

"Sasa unalilia nini?"

"Ilikuwa yangu," shemeji alisema, kwa sauti ya chini kuliko alivyokusudia.

Breki hakucheka. Alichukua mfuko wake wa nyama, akaulaza juu ya kaunta. "Ilikuwa yako, kweli. Hilo wamekukosea. Lakini mkono wako hawakuugawa. Jumapili saa nane, uwepo."

Alikuwepo. Na mechi ya kwanza ya makundi kwenye mashindano waliipoteza kwa kosa la Breki mwenyewe. Ndani ya orodha ile iliyofunguliwa aliona bombomu zito, bunduki ya kumimina risasi mfululizo, ambalo hakuwahi kulifikia, tamaa ikamshinda, akalibeba. Lilikuwa zito hata kugeuka hageuki. Alikwama mlangoni pa duka la mikate kama kabati linalohamishwa, akapigwa mara tano kwa dakika nne.

"Mwalimu," msusi akasema masikioni mwao, "hilo lori una leseni nalo?"

Wifi alicheka mpaka akakohoa. Breki naye akacheka, akalirudisha bombomu mahali pake na kuchukua bunduki yake fupi ya daraja la kumi na mbili. "Nimekosa. Msumeno, panda ngazi ya nyuma. Wengine nifuateni."

Mechi ya pili wakashinda, na ya tatu, na mbili zilizofuata. Wapinzani walibadilisha silaha kila wakifa, wakionja hiki na kile kama watu kwenye karamu isiyo yao. Kwenye nusu fainali walikutana na timu iliyowazidi kila kitu, wakatolewa kwa haki, na Breki akawaandikia wale washindi pongezi bila kinyongo.

Mwezi mmoja baadaye wenye gemu walisikia manung'uniko. Wakaongeza mlango mwingine: anayetaka njia ya zamani aichague, ila aanze na bastola, na alichokuwa nacho akiache nje. Wifi aliapa kwamba hakuna mwenye akili atakayefanya hivyo.

Jumapili Breki alifungua gemu kabla ya saa nane, akatazama nani yumo. Jina la Msumeno lilikuwepo tayari, daraja la tatu.

"Shemeji," alisema, "umeanza lini?"

"Tangu asubuhi. Usimwambie mtu."

"Simwambii," Breki akasema, akachagua njia ya zamani, na kile kijibastola kikamjia mkononi. "Nisubiri hapo kwenye ngazi."