Unga wa Mtama Kabla ya Safari

Mwaka wangu wa pili chuoni nilikuwa nikiota ukungu wa Newala, na ndani ya ukungu huo watu wote wanasema Kirusi au Kinorwei. Muuza maandazi ananisalimu kwa Kirusi, ustadhi wa madrasa ananikaripia kwa Kinorwei, nami nawaelewa wote na nina raha isiyo na kifani. Nikiamka ni saa nne asubuhi, nje bado giza, theluji imelala juu ya mapaa, na darasani nimeshachelewa.

Chuo chenyewe kiko juu kabisa kaskazini mwa Norwei, si mbali na mpaka wa Urusi, ndiyo maana tulisoma lugha zote mbili pamoja: asubuhi Kinorwei, mchana Kirusi. Mimi nilizichanganya vibaya. Nikiulizwa kwa Kirusi, Kinorwei kinakimbilia kujibu. Nikienda kununua mkate, Kirusi kinanitoka mdomoni, na mwenye duka ananikodolea macho. Wenzangu walicheka, mimi nikanuna, sipendi kuchekwa. Lakini jioni, nikijilaza na daftari kifuani, maneno ya pande zote mbili yalinijia polepole, yakapita bila kugombana, na nilipenda maisha yale kuliko nilivyothubutu kumwambia mtu.

Likizo ndefu nikarudi. Nililala Masasi kwa mama, kesho yake nikapanda Newala kwa bibi, mama yake mama, aliyenilea tangu nilipoachishwa ziwa. Mikorosho ilikuwa imechanua, na harufu yake tamu ilijaa hadi chumbani. Bibi alikuwa amevimba miguu. Alinisikiliza nikisimulia masomo, akatikisa kichwa.

"Lugha mbili kwa mpigo? Mshika mbili moja humponyoka, mjukuu wangu."

Tukacheka wote wawili. Hatukujua kwamba iliyokuwa ikiponyoka ni ya tatu.

Siku mbili kabla sijaondoka aliniamsha mapema, ana bakuli la unga wa mtama.

"Safari ile ya kwanza uliondoka kama mwizi," alisema. "Miguu yangu unaiona. Ukirudi huenda usinikute. Leo uwaage wazee mwenyewe, kwa mdomo wako."

Kwetu msafiri hupiga magoti chini ya mti wa msolo, humwaga unga kidogo kidogo, na kuwaambia marehemu kwa Chimakonde yeye ni wa nani na anakwenda wapi. Asipowaaga, huko aendako hana wa kumlinda. Bibi huswali swala tano na hajawahi kuona ugomvi wowote kati ya mambo hayo.

Nikapiga magoti. Ukungu ulikuwa bado chini, msolo wenyewe nikiuona nusu. Nikafungua mdomo, likaja neno la Kinorwei. Nikalimeza, likaja la Kirusi. Chimakonde nilikisikia maisha yangu yote, watu wazima wakizungumza wao kwa wao huko nje, lakini ulimi wangu haukuwahi kukibeba. Unga ukalowa jasho kiganjani. Bibi alisubiri.

"Bibi, siwezi."

Aibu ilinijaa, na mimi nikiaibika hukasirika. "Hukunifundisha!" nikamwambia, pale pale mbele ya wazee wake.

Aliuchukua unga mkononi mwangu, akajishusha chini na miguu ile ile, akaanza kusema Chimakonde cha haraka, kitamu, ambacho hajapata kukitumia kwangu. Aliwaambia mama yake na kaka zake wasimlaumu mtoto huyu. Alisema, "Shuleni walikuwa wakiwachapa watoto kwa kusema lugha yetu, ndipo mimi nikaifungia nje ya nyumba yangu. Miaka yote nimemlea kwa Kiswahili, nami Kiswahili chenyewe najikwaa, ili afaulu. Amefaulu. Anakwenda mbali, mlindeni. Lakini yako mengi sijamwambia, kwa sababu kwa Kiswahili siyajui."

Nilielewa kila neno.

Akamwaga unga uliobaki, akakung'uta viganja. Nilimshika mkono kumwinua, nikimwomba moyoni aendelee, aniambie hata moja tu. Alisimama, akashika mgongo, akanigeukia kwa Kiswahili chake cha kujikwaa na kuniuliza kama nimeshafunga mabegi.