Nilivyoshindwa Mbio na Mama Mwenye Godoro Kichwani

Mi nimewahi kushindwa mbio na mama aliyebeba godoro kichwani. Na hakuwa hata amejiandikisha.

Cheka kwanza, ukimaliza nikuelezee.

Ilikuwa 2004. Mikataba ya amani ilishasainiwa, lakini kwenye milima ya juu ya Buja, mji wetu mkuu, risasi bado zilikuwa zinalia. Chama kimoja kikaandaa mbio za amani, kutoka Kibenga mpaka Rumonge, kilometa zaidi ya sabini. Tena si kwenye lami. Ni kwenye mawe na vichaka vya kando ya Tanganyika.

Zawadi ng'ombe jike. Mmoja tu, wa mshindi.

Mi shida yangu ilikuwa ng'ombe. Salvator, baba yake Elvire, alishaniambia wazi: "Valéry, bila ng'ombe ya mahari, Elvire utamuona kwenye picha."

Kijana maskini wa mtaa wa Gasenyi, ng'ombe ningeitoa wapi?

Tukaondoka alfajiri. Weee! Usidanganywe na ziwa kutulia. Mara mwamba, mara mto mpaka kiunoni, mara miiba inakuchana kama mna ugomvi wa zamani. Wenzangu wakaanza kukaa chini, wanaita mama zao. Mpaka jua linaanza kushuka nilikuwa mbele, peke yangu.

Karibu na Rumonge nikaingia kwenye kijiji kimoja katikati ya michikichi. Mbio zilitangazwa redioni, sawa. Ila kijiji kile redio zote zilishaibiwa.

Sasa fikiria. Vita miaka kumi na moja. Unaona kijana katapakaa matope, magoti yanatoka damu, macho yamemtoka, anakimbia. Utamuuliza anaenda wapi?

Kwetu wakati ule hakuna aliyeuliza. Ukiona mutu anakimbia, na we kimbia. Maswali mtaulizana mkifika.

Nikasikia nyuma yangu: "Wamekuja!"

Kugeuka, kijiji kizima kiko mgongoni. Masufuria, mbuzi, mzee na kuku wake kwapani.

"Apana! Ni mashindano!" nikapiga kelele.

"Mashindano gani ya kufa hivi?" akajibu mama mwenye godoro kichwani. Akanipita.

Akanipita, jamani! Nikapandwa na hasira, nikaongeza mwendo, mguu ukanasa kwenye mzizi. Puu, chini.

Yule mama akasimama. Aliamini kabisa kifo kiko nyuma yetu, na bado akarudi. Akanikamata mkono, akanivuta.

"Simama, mutoto wangu. Hautakufa leo."

Alipoona naweza kutembea, akatimua tena na godoro lake.

Nilipofika mwisho sikuamini macho yangu. Utepe umekatika. Majaji hakuna, wapiga ngoma hakuna. Waliona watu wanakuja mbio na magodoro, na wao wakatoka nduki. Ng'ombe naye hayupo!

Aliyebaki ni Elvire peke yake, aliyekuja na baba yake kuningoja pale, anacheka mpaka machozi.

"Mama wa godoro ndiye kakata utepe," akasema. "Kasema ng'ombe haachiwi majambazi. Kaondoka naye."

"Na baba yako?"

"Papa? Kanipita kama hanijui. Hata kiatu kakiacha."

Yule mama tulimkuta nyuma ya michikichi, kamba ya ng'ombe mkononi. Jina lake Daphrose. Majaji wakarudi mmoja mmoja, wanajifuta vumbi, na mkubwa wao akasafisha koo.

"Huyu mama hana namba. Valéry, ng'ombe ni yako."

Salvator, kiatu kimoja mguuni, akanichekea. Nikajua mke nimepata.

Daphrose hakubisha. Akaninyooshea kamba, miguu yake imechanika kuliko yangu.

"Chukua, mutoto wangu. Mi nilidhani tunamuokoa."

Moyo uliniuma vibaya sana. Nikasema, "Apana. Wa kwanza ni yeye. Mi nimekuwa wa pili."

Salvator alinitazama kama mutu aliyerukwa na akili. Daphrose akalia. Halafu akasema maneno ya desturi yetu, kwamba aliyekupa ng'ombe haumsahau: "Akizaa, ndama ya kwanza ni yako."

Tukangoja. Mwaka uliofuata ng'ombe akazaa.

Dume.

Siku ya mahari, wajomba wamekaa, vinywaji vimefika, Salvator akaanza: "Dume? Dume ataniletea maziwa gani?"

Nikainamisha kichwa. Nikaona yamekwisha.

Elvire alikuwa anapita na sinia ya glasi. Akasimama.

"Papa, niwasimulie wajomba siku ya Rumonge? Nianzie kwenye kiatu?"

Wajomba wakageuza shingo. Salvator akakohoa, akanywa, akakohoa tena.

"Lakini kusema kweli," akasema, "ni dume zuri sana."

Kwa hiyo ndugu yangu, mutu akikupita usikasirike haraka. Jiulize kwanza anakimbia nini. Mi nilikuwa nakimbilia ng'ombe. Daphrose alikuwa anaokoa roho yake, na bado akarudi kuniinua.