Mashine Ilipomkataa Bi Msasa

Kwa miaka ishirini na sita mwanamke huyu alipiga msasa mbao katika karakana ya samani, mpaka watu wakamwita Bi Msasa, hata wale waliolijua jina alilopewa na wazazi wake. Hakulichukia. Alisema ni afadhali kuitwa kwa kazi unayoiweza kuliko kwa jina la bibi ambaye hukumwona.

Kazi yake ilianza pale kazi za wenzake zilipoishia. Maseremala wakishakata, wakapiga randa na kuunganisha, kitanda au meza ililetwa kwenye kibaraza cha nyuma penye mwanga, naye akakaa kwenye kigoda chake na kuanza kusugua. Alianza na msasa wenye chenga kubwa, akaenda kwenye laini, kisha laini zaidi, na mwisho akauweka msasa kando na kupitisha vidole vitupu. Hivyo vidole ndivyo vilivyokata shauri.

"Bado hapa," angesema, macho ameyafumba.

Fundi mkuu, mwenye karakana, angevaa miwani na kuinama mpaka pua iguse mbao, asione kitu, kisha angesema, "Haya, mama. Ukisema bado, ni bado."

Vumbi la mbao lilielea kwenye mwanga, likipanda na kushuka bila haraka, na kwa kulitazama hilo na kusikia sauti moja ileile ya msasa, akili ya Bi Msasa ilizoea kwenda matembezi. Akisugua meza, aliwaona watu watakaoketi kuizunguka: mtoto anayelala juu ya daftari, mume anayegonga kijiko akisubiri chai. Akisugua kitanda, alijiuliza ni nani atakayeshikilia mbavu za kitanda hicho siku atakapoumwa. Ilitokea aitwe mara tatu ndipo aitike, na akiitika alikuwa na sura ya mtu aliyeshuka kwenye basi kituo kisicho chake.

Karakana ilipoanza kulipa mishahara kwa benki, alipata tabu. Shule aliipitia juu juu, na saini yake ilikuwa kila siku na sura mpya. Benki walimrudisha mara mbili wakisema mtu wa leo si yule wa jana. Kisha ikaja huduma ya alama za vidole. Aliandikishwa kidole gumba na cha shahada vya mkono wa kulia, basi, mambo yakawa shwari. Hakuwa na haja ya kupanga foleni benki. Alikwenda kwa wakala wa pale kona ya mtaa wao, mama mmoja mnene mcheshi aliyeitwa Mama Vocha, akaweka kidole kwenye kijimashine, akapewa fedha zake.

"Usije ukajikata hicho kidole ukimenya vitunguu," wifi yake alimtania. "Tutalala na njaa."

Wifi huyo, dada wa marehemu mumewe, ndiye aliyeishi naye katika nyumba ya vyumba viwili. Mzigo wa kuwaza aliuacha kwa Bi Msasa. Yeye alichukua ule wa kusema.

Basi, Jumamosi moja mchana, Bi Msasa alikwenda kwa Mama Vocha kutoa fedha za kununulia mabati. Paa lilikuwa linavuja sehemu tatu na mawingu yalishaanza kujikusanya. Alitaja kiasi, akaweka kidole gumba.

"Haijatambua," alisema Mama Vocha. "Futa kidole, shoga, uweke tena."

Akakifuta kwenye khanga, akaweka. Haijatambua. Akapuliza, akaweka cha shahada. Safari hii kwenye kioo cha mashine kilitokea kiduara kinachozunguka. Kikazunguka, kikazunguka, na Bi Msasa akakitazama kama anavyotazama vumbi, akapotea humo kabisa, mpaka Mama Vocha aliposema, "Aa, imegoma. Mtandao leo ni wa kubembeleza. Njoo kesho."

Risiti haikutoka, naye hakuiulizia. Akaenda zake.

Alipofika nyumbani simu ikalia kwenye mkoba. Wifi akaichukua kumsomea ujumbe, kama kawaida yake, na uso ukambadilika.

"Wifi, umetoa fedha?"

"Sijatoa. Nimeweka kidole mara tatu, mashine imegoma."

"Imegoma wapi? Hapa wanasema umetoa. Kiasi chote cha mabati!" Akaiweka simu mezani kama kitu cha moto. "Amekuibia huyo! Kukuwekesha kidole mara tatu, zote za nini? Ile ya tatu ndiyo aliyokulia!"

Mama Vocha alikuwa amekaa na Bi Msasa msibani siku saba mumewe alipofariki. Lakini neno likishaingia sikioni halina pa kutokea. Kesho yake akitoka kununua sabuni alipita mbele ya kibanda macho yameganda mbele, na Mama Vocha aliponyanyua mkono kumsalimu, mkono ule ukabaki hewani, ukashuka wenyewe. Siku nzima Bi Msasa aliuona mkono huo. Aliuona kwenye ndoo ya maji, aliuona kwenye pazia.

Jumatatu aliomba ruhusa kwa fundi mkuu, akaenda benki. Foleni ilikuwa imetoka mlangoni na kuufuata ukuta hadi kwenye kivuli cha jengo la pili. Akasimama nyuma, mkoba kifuani, na akili yake ikaanza safari zake. Alikuwa anawaza fedha zake ziko wapi saa hii, kama ziko kifukoni mwa mtu au zinatangatanga tu, aliposikia sauti laini kando yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Alikuwa bwana wa makamo, koti la bluu, kitambulisho kinaning'inia shingoni, kimegeuka upande usio na picha. "Nakuona unaangalia vidole vyako. Mashine inakukataa, siyo?"

"Umejuaje?"

"Ndiyo kazi yetu, mama. Wazee wengi alama zimefifia. Humo ndani utakaa mpaka jioni. Mimi nakusaidia hapahapa, dakika mbili." Akamsogeza kidogo kutoka kwenye foleni, kwa heshima zote, akatoa kikopo kidogo cha bati. Ndani yake mlikuwa na kitu cheupe, laini, kimesawazishwa vizuri. "Bonyeza hapa vidole viwili, polepole. Tunachukua alama, tunaipeleka kwenye mtambo, inasafishwa. Halafu unitajie na namba ya akaunti."

Maneno yake yalikuwa matamu, jua lilikuwa kali, na Bi Msasa alikuwa bado nusu yuko kwenye ndoto zake. Akanyoosha mkono. Kidole gumba kikagusa kile kitu cheupe, kikaanza kuzama.

Hapo ndipo kidole kilipomwamsha. Alikifahamu kitu kile. Alikishika kila wiki. Ilikuwa puti, ileile wanayozibia nyufa na mashimo ya misumari kwenye mbao, na hakuna aliyeijua tabia ya puti kama yeye. Ukiigusa ikiwa mbichi, inakushika kila mstari. Ikikauka, alama yako inabaki pale ngumu kama jiwe. Ni mara ngapi alisugua kabati na kukuta ndani ya puti alama nzima ya kidole cha seremala, na akamtaja aliyeiacha kabla hajamtazama usoni!

Akauvuta mkono. Kisha, kabla bwana yule hajafunga kikopo, akaupitisha tena kwa nguvu, akaivuruga puti yote kwa kiganja.

"Mama, unafanya nini?"

"Nasawazisha," alisema Bi Msasa. Alijikaza kisabuni. "Baba, mimi puti naijua. Hii haisafishi alama, inaiba. Ngoja nimwite askari wa mlangoni akueleze vizuri."

Alipogeuka kumwita askari, koti la bluu lilikuwa limeshakata kona. Watu wa kwenye foleni wakabaki wanaulizana, na kijana mmoja akampisha Bi Msasa mbele yake bila kuombwa. Akaegemea ukuta, akajifuta puti kiganjani kwa pindo la khanga.

Kwenye dirisha la pili alikuwepo karani binti, nywele zimebanwa nyuma, macho mekundu kwa kutazama kioo. Bi Msasa alimweleza yote kwa mpangilio wake mwenyewe, maana yake alianza na puti, akarudi kwenye kiduara, akamalizia na mabati na maneno ya wifi yake. Binti alisikiliza, kisha akabonyeza bonyeza.

"Bibi, fedha zako hazijaibiwa. Muamala umening'inia. Zimetoka kwako, hazijafika kwa wakala. Mtandao ulikatika katikati."

"Zimening'inia wapi?"

Binti akafikiri. "Njiani tu. Nimekuandikia malalamiko, hii karatasi ina namba yake, itunze. Zitarudi ndani ya siku chache. Zisiporudi, uje nayo."

Bi Msasa akaziona fedha zake zimeanikwa kwenye kamba juu ya mji, zinapepea kama nguo, na mchana mzima hakuna aliyezianua. Akashusha pumzi. Kisha akamkumbuka Mama Vocha, na joto likampanda usoni.

"Sasa tuone hivyo vidole," alisema binti. Akageuza kioo upande wake. "Hii ni alama yako ya miaka minane iliyopita. Na hii ndiyo ya leo."

Ya zamani ilikuwa na mistari mingi, imejikunja duara ndani ya duara, kama kisiki kilichokatwa jana. Ya leo ilikuwa weupe mtupu, na mistari miwili mitatu imekatika katikati kama njia zilizoota majani.

"Ilikwenda wapi?" aliuliza Bi Msasa kwa sauti ya chini.

"Unafanya kazi gani, bibi?"

"Napiga msasa."

Binti akatabasamu. "Basi iko kwenye vitanda vya watu."

Bi Msasa alicheka mpaka machozi yakamlenga. Ilikuwa kweli. Ilikuwa imelala nyumba mia, chini ya mashuka ya watu asiowajua.

Binti akamwambia ngozi ikipumzishwa mistari hurudi, ila haina haraka. Akampeleka kunawa mikono, akamfuta ikauka kabisa, maana kidole chenye vumbi, jasho au maji mashine haikisomi sawasawa. Wakajaribu kidole kimoja kimoja. Vidole vinavyosukuma msasa vilikuwa vimekwisha, lakini kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, ambacho miaka yote kilikuwa kinakaa pembeni bila kazi, kilisomwa mara moja. Na cha jirani yake pia. Vikaandikishwa vyote viwili, na namba ya siri juu yake, ya kutumia siku vidole vikigoma.

"Hiyo namba usimwambie mtu."

"Hata wifi yangu?"

"Hasa huyo, kwa jinsi ulivyonieleza habari zake." Kisha akawa hatanii tena. "Na kidole, bibi, usikiweke popote ila kwenye mashine ya benki au ya wakala unayemjua. Kabla hujaweka, tazama kiasi kilichoandikwa. Ikigoma, usirudie rudie. Uliza salio kwanza. Na risiti daima, hata ya kugoma. Yule wa nje nitamripoti sasa hivi."

Hakwenda moja kwa moja nyumbani. Alikwenda kibandani, akasimama mbele ya dirisha la wavu. Mama Vocha alikuwa anapanga viberiti, hakunyanyua uso.

"Shoga."

"Naam."

"Nilikudhania vibaya."

"Najua. Wifi yako alipita hapa asubuhi, akaniambia yeye mwenyewe, na jirani zake watatu wakasikia." Mama Vocha akaweka kiberiti cha mwisho. "Kilichoniuma si wifi. Wifi ni redio. Kilichoniuma ni wewe kunipita."

"Nisamehe," alisema Bi Msasa, kisha akamsimulia habari ya puti. Ilipofika pale pa kuivuruga kwa kiganja, Mama Vocha aliangua kicheko, akafungua mlango wa kibanda, akamvutia kreti ya soda akae. Walikaa mpaka jua likatelemka nyuma ya maghala, na wateja wawili wakahudumiwa vocha zisizo za kampuni zao.

Fedha zilirudi siku ya nne. Mabati yakanunuliwa, na mvua ilipofika ilipiga juu yake kama mtu anayebisha hodi bila nia ya kuingia. Wifi alikwenda mwenyewe kuomba radhi, akarudi na kilo ya sukari ya bure, akasema kumbe yule mama hana neno.

Fundi mkuu alimnunulia Bi Msasa glavu. Alizikataa wiki nzima. "Nitaisikiaje mbao?" Mwishowe wakakubaliana: hatua za mwanzo kwa glavu, ile ya mwisho mikono mitupu.

Jambo moja zaidi. Tangu hapo aliamua kujifunza kusoma ujumbe wa simu yake mwenyewe. Kila alasiri, baada ya kazi, Mama Vocha alimwekea simu magotini na kumwelekeza herufi. Alasiri moja nyumbani, wifi akiwa ametoka, simu ililia. Bi Msasa akaishika, akaifuata sentensi neno kwa neno, midomo ikitembea. Hazikuwa habari za fedha. Benki ilikuwa inamshukuru kwa kuwa mteja wake na kumtakia siku njema. Akausoma tena toka mwanzo. Kisha, kwa kuwa kujibu hakujua, akauambia kwa mdomo, "Na nyinyi pia," akaiweka simu kwenye kitambaa cha meza na kwenda kuchota maji.