Picha ya Ishaka kwenye Uzio

Kila Jumapili asubuhi Ishaka alitoka chumbani kwake Jeppestown, Johannesburg, na ndoo ya chokaa, akapanda hadi kwenye kiwanja cha vumbi karibu na Troyeville, akachora mistari. Haikuwahi kunyooka. Kwa kazi alikuwa fundi viatu, na kiwanja alikichora kama alivyokata soli: kwa kukisia, kisha kwa kuapa kwamba ndivyo ilivyotakiwa.

Kiwanja kilikuwa mali ya chuo kikuu. Chuo kilikisahau miaka mingi. Watu wa Tanga, Unguja, Lubumbashi na Bujumbura wakakikumbuka. Walicheza vibaya, lakini hakuna aliyekuja kwa ajili ya mpira tu. Mwaka 2008, wageni walipochomewa vibanda kuanzia Alexandra, ni hapo walipokuja kutazamana kujua nani yu hai. Asiyeonekana akatafutwa. Tangu hapo, kukosa Jumapili mbili bila sababu kulikuwa kosa kubwa kuliko kujifunga goli. Ishaka hakuwa na mke wala ndugu katika jiji lile. Pasipo kiwanja, hapakuwa na mtu wa kuuliza yuko wapi.

Mwaka 2017 zikaja habari kwamba chuo kitajenga uwanja mpya, wenye majukwaa, taa, na nyasi zisizohitaji mvua.

"Twende tukawaambie watuachie Jumapili asubuhi, basi," akasema Jumbe, nahodha, mwosha magari mwenye sauti ya kunadia samaki.

"Tutakwenda," akasema Ishaka. "Lakini safari ya kwanza ni ya salamu."

"Salamu? Ami, hawa wanaleta tingatinga!"

"Hata wangeleta manowari. Kwa watu huendi mara ya kwanza na haja mkononi. Unabisha hodi, unajulikana, unaondoka. Haja ina safari yake ya pili. Kwenu hukufundishwa?"

Kwao Jumbe kulikuwa mtaa uleule wa Tanga alikotoka Ishaka, kwa hiyo hakuwa na pa kukimbilia.

Wakaenda. Ishaka alivaa kanzu, koti na kofia. Mayasa, Mzanzibari muuza vitafunio, alibeba sinia la visheti. Mama wa ofisi ya michezo ya chuo aliwapokea kwa furaha ya mtu aliyezoea wageni wa kulalamika. Akauliza kama wana jambo. Ishaka, kwa Kiingereza chake cha sokoni, akasema hawana jambo lolote. Ni majirani, wamekuja kuwatakia heri. Jumbe akamkanyaga. Ishaka akauondoa mguu wake taratibu, akatabasamu. Visheti vikaliwa, picha ikapigwa.

"Aliyekula chako," Ishaka akasema wakiteremka ngazi, "hawezi kukunyima masikio."

Safari ya pili walimkuta bwana mwingine, mpole sana. Akawaeleza kwamba majirani walikwisha kuulizwa maoni, na wamefurahi.

"Majirani gani?" akauliza Jumbe.

Bwana yule akaonyesha dirishani. Kwenye uzio wa mafundi wa ujenzi lilining'inia bango refu kama nyumba, na ndani yake Ishaka, na kofia yake, akicheka. Maneno yalisema majirani wanaukaribisha uwanja. Picha ilikuwa nzuri. Hilo ndilo lililouma.

Tangu siku hiyo aliitwa Balozi. "Balozi, umepewa ghorofa ya ngapi?" Mayasa peke yake hakumtania. "Mimi wamenikata, wakabakisha mkono na sinia," alisema. "Nashukuru. Mkono hauna pasipoti."

Uwanja ulipokwisha kujengwa, Jumbe aliwaongoza wote hadi langoni Jumapili moja, viatu shingoni. Mlinzi alikuwa Mkongomani mgeni kazini, Marcellin. Aliwatazama, akatazama bango, lililoanza kupauka, kisha akamtazama Ishaka.

"Papa, njo weye wa ku foto?"

Ishaka alitamani kukana. Lakini pua yake ilikuwa pale juu, kubwa kama mlango, ikitoa ushahidi.

"Ndimi."

"Weye ingia. Bale bengine, hapana. Mukubwa alisema."

Lango likafunguliwa kiasi cha mtu mmoja. Ndani kulikuwa na kijani kisichopatikana Johannesburg majira ya baridi, na mistari iliyonyooka. Hakuna aliyekuwa akicheza.

"Ingia, Balozi," akasema Jumbe, safari hii bila kucheka. "Utusalimie huko."

Ishaka akawaza: labda hii ndiyo safari ya haja. "Huyo mkubwa yupo?"

"Leo dimanche, Papa, siku ya misa. Hakuna mutu."

Alipogeuka, akiwa bado nje ya lango, wenzake walikuwa wanateremka barabara, wakibishana wakacheze kwenye maegesho gani yenye lami isiyochubua sana magoti. Hakuna aliyemwambia ni yapi. Kwenye lami chokaa haina kazi.

Jumapili mbili zikapita Ishaka akiwa chumbani, mlango wazi, kiatu cha mtu mapajani, akisikiliza ngazi. Kwa kanuni ya zamani mtu alipaswa kuja.

Ya tatu, Jumbe akabisha hodi. Goti lake lilikuwa na kidonda kibichi. Alikaa kitandani, akasifu ukuta, akakataa chai.

"Una jambo?" Ishaka akashindwa kuvumilia.

"Sina, Ami. Nimepita kukusalimu tu."

Akaondoka. Ishaka alisikiliza hatua zake mpaka mtaani. Kama kungekuwa na safari ya pili, ile ya haja, hakuwa na njia ya kujua, na kuuliza haikuwa desturi.